Rangi ya Milango ya Chuma

...na inanuka, hata kifuniko hakijatoka chote tayari inanuka, papai lililooza likamwagiwa petroli, harufu inayokaa nyuma ya ulimi mpaka ukila bukari, ugali, unaionja, na Mama Gaëlle ameketi pale kwenye benchi, mkoba juu ya magoti, anasema, "Ile ile, Papa Michée, rangi ile ile ya Gaëlle, ile yenye kuwaka," na mimi nimeshika kijiko cha mbao cha kukorogea, makopo mawili mbele yangu juu ya meza, la kushoto rangi ya maji, laini, inayoingia ndani ya uzi, ukipitisha kidole juu ya nguo husikii kitu, la kulia hii, hii takataka, nyekundu, nzito, imefanya ngozi juu kama maziwa yaliyopoa, na kidole gumba changu kimeshaitoboa ile ngozi, kwa nini nimeigusa, kwa mazoea, mkono umekwenda kulia wenyewe kabla sijafikiri, kama mbwa anavyorudia matapishi yake... fulana moja tu anataka, ya Israël, mdogo wake Gaëlle, miaka minne, "Analia tangu asubui, anasema miye pia nataka triko sawa ya dada, nikamwambia weye hauimbe mu kwaya," anacheka kidogo, kisha cheko linakatika, "lakini kwa ile yenye tunapitia sasa mu nyumba, nikasema, acha mutoto afurahi," na hapo ningenyamaza, ningeuliza tu ukubwa wa fulana na urefu wa mikono, lakini mdomo wangu una adabu yake ya biashara, unasema peke yake, "Kuko nini, Mama?" na yeye anashusha macho kwenye mkoba, "Gaëlle iko mugonjwa."

Mgonjwa wa nini, malaria, tumbo, sema malaria, mwezi wa kumi huu, joto, kila nyumba ya mtaa wetu wa Kamalondo ina mtu kitandani, lakini anaweka mkono kifuani, anachora, kidole chake kinazunguka polepole juu ya kitenge, "Hapa. Ilianza na kujikuna, kisha ikatoa malengelenge, malengelenge ikapasuka, sasa iko nyama tu. Lakini haiko kila mahali, Papa. Iko muduara. Muduara muzima, sawa muntu aliandika na kalamu," na mimi nakikodolea macho kidole chake, kinazunguka, kinafunga, sentimita kumi na nane, najua kwa sababu mimi ndiye niliyeipima, fremu yenyewe ya kuchapia, mbao na wavu, iko pale nyuma ya kichwa chake, imeegemea ukuta, sikuiosha, duara nene la upana wa kidole, ndani yake njiwa na jina la kwaya ya watoto kwa herufi nyembamba, njiwa nilimchapa hafifu kwa sababu wavu ulikuwa umeziba, lakini duara, duara lilinywa rangi vizuri, duara nililipitishia mpira wa kusukumia rangi mara mbili ili liwake... na mama anaendelea, "Namna moja na ile ya triko. Mahali pa triko, njo mahali pa kidonda," basi amejua, nasema moyoni amejua, amekuja kunishika, fulana ya Israël ni ujanja tu, nje kuna kaka zake wamesimama... ndipo anainama mbele, anashusha sauti, "Tulienda kwa mama ya maombi, ule wa nyuma ya soko. Aliangalia tu, akasema, ni mulozi njo anafanya vile. Anafuatisha alama ya kanisa juu ya kutuchekelea. Na uyu muntu haiko mbali, iko mu nyumba yenu, anakula na ninyi."

Na mimi nikafurahi. Hapo, sekunde ile, nilifurahi, ndiyo, nisijidanganye, nikafikiri ah, mulozi, ni mulozi tu, kama mtu aliyesikia mvua imepita nyumba ya jirani, na uso wangu, huu uso, nikausikia ukijipanga wenyewe, nyusi juu, kichwa upande, mdomo ukavuta ile sura ya kanisani, na sauti ikatoka tamu, "Pole sana, Mama. Mungu iko," pole, mimi nasema pole, mwewe anampa pole kifaranga, natamani kuitoa hii sauti mdomoni kwa kidole na kuipangusa kwenye tambara pamoja na uchafu mwingine... kwa sababu najua, nilijua hata Alhamisi ile ya kuchapa. Alhamisi umeme ulikuwa umekatika siku ya tatu, sherehe ya kwaya Jumapili, fulana sitini zimekunjwa hapa, nyeupe, za pamba nzuri, na rangi ya maji iko hapa hapa, kopo zima, lakini rangi ya maji inataka moto, ukichapa lazima uipitishie pasi, sehemu moja hiyo hiyo, dakika tatu nne, ili ishike, bila hivyo inaondoka na maji ya kwanza, na rangi ya tatu, ile nzito ya plastiki, ndiyo mbaya zaidi, hiyo inataka tanuri, bila umeme inabaki mbichi kama uji, haya yote nilijiambia kwa sauti, kama mtu anayetoa sababu mbele ya baraza, umeme hakuna, umeme hakuna, na pasi ya makaa ilikuwa chini ya meza. Ilikuwa chini ya meza, iko chini ya meza sasa hivi, mguu wangu unaigusa. Gunia la makaa liko uani. Fulana sitini, dakika nne nne, ni mchana mmoja wa jasho, basi, mchana mmoja, na sikutaka, joto lilikuwa kali, mgongo unaniuma, nilikuwa nataka kukaa... nikatoka nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, jirani, akanipa rangi anayopaka milango, milango ya chuma, mageti, nikaiyeyusha kwa petroli ili ipite kwenye wavu, nikazianika juani, dakika ishirini zimekauka, zinawaka kama gari jipya, nikasugua moja kwa kidole, haikutoka, nikasema itafaa. Usiku huo huo ngozi ya vidole vyangu ilibanduka, nikapaka mawese. Nikapaka mawese vidole vyangu, na nguo nikazikunja, nikazifunga kwa kamba, nikawagawia watoto walipokuja kuzichukua.

"...balikuya bantu makumi sita mu sherehe," anasema mama, sikusikia mwanzo, "batoto makumi sita balivaa triko moja, Papa, ni wangu tu anapata vile? Unaona mwenyewe," na mimi natingisha kichwa, naona, naona vizuri, wale wengine walivaa mchana mmoja juu ya mashati yao meupe ya mikono mirefu, wakaimba, wakavua, mama zao wakazikunja zingoje Pasaka, lakini Gaëlle... nauliza, na sijui kwa nini nauliza, jibu nalitaka na silitaki, "Na ile triko yake, iko wapi?" na anatabasamu, kwa mara ya kwanza leo macho yake yanafunguka, "Hataki kuivua. Analala nayo. Tunaifua asubui, inakauka, anaivaa tena. Hata sasa iko nayo. Tunamuachia, ni nguo ya kanisa, inamupatia nguvu," hata sasa, juu ya nyama, jasho la mwezi wa kumi linalainisha ile rangi na ile rangi inarudi ndani, wiki mbili, mtoto wa miaka saba amelala na mlango wa chuma kifuani na mama yake anamfunika vizuri... Papa Alphonse angenitemea mate. Aliyenifundisha kazi, mtoto wa mtu wa reli, mkali, meno mawili, alikuwa na mtindo mmoja tuliouchukia sisi wote tuliojifunza kwake, kila rangi mpya unayoichanganya unachapa fulana yako mwenyewe kwanza, unaivaa ndani, kwenye ngozi, juma zima, unafanya kazi nayo, unalala nayo, Jumatatu unavua mbele yake anakutazama kifua kama daktari wa jeshi, na mara moja mwenzetu alivua akiwa na upele, Papa Alphonse akachukua kopo lile akalimwaga shimoni mwa choo, lote, hakusema neno, akarudi akaendelea kukata wavu wake. Hii mimi sikuivaa. Hata dakika moja. Ningeivaaje, nilijua.

Lakini labda ni sabuni, sabuni za siku hizi, nani anajua wanatia nini, labda ni chakula, labda mtoto ana ngozi ya namna yake, labda... sikiliza kichwa hiki, kinavyotafuta, kinafukua kama nguruwe, kila labda inanuka zaidi ya ile ya kwanza, na mama anaeleza sasa juu ya dawa ya kupaka waliyopewa kwenye kituo cha afya, haikusaidia, Clément mume wake amekonda, halali, na mimi nakoroga, naona mkono wangu unakoroga kopo la kulia, mduara, mduara, ngozi ya juu imevunjika vipande vipande inazama, nani amekuambia ukoroge, na nasikia jina, "...Tantine Kapya," na kijiko kinasimama. "Nani?" "Tantine Kapya. Shangazi yake Clément. Njo yeye." Anavuta pumzi. "Nani mwingine? Nyumba iko na bantu batano. Miye, Clément, batoto bawili, na yeye. Alikuya mwaka jana kutoka Kasenga, bwana yake alikufa mu maji, hana mutoto, tukamupokea. Njo yeye anamuosha Gaëlle. Njo yeye anamuvalisha. Hata ile siku ya kukuya kukamata triko, si njo yeye alikuya na Gaëlle hapa kwako?"

Ndiye. Alikaa palepale, mwisho wa benchi, si katikati, mwishoni, kama mtu ambaye hataki kuchukua nafasi ya mtu, mwanamke mwembamba na beseni lake la samaki wa mto Luapula, wakavu, amelifunika kwa gazeti, anawauza mtaa kwa mtaa, na Gaëlle amemwegemea paja, anacheza na vidole vyake, nikatoa fulana kwenye rundo, nikampa, na yule mama hakumpa mtoto mara moja, aliikunjua, akaileta puani. Aliinusa. Mtu anayeuza samaki pua yake ni mzani wake, aliinusa mara mbili, akaniangalia, akasema kwa upole, hata akaniita baba, mimi ninayeweza kuwa mwanawe, "Inanuka, baba. Haitaunguza mutoto?" Na mimi nilicheka. Nilimcheka, nikasema, "Mama, inanuka kupita samaki yako?" na watu wawili waliokuwa mlangoni wakacheka pia, na yeye akatabasamu kwa aibu, akakunja fulana, akasema merci, akampa mtoto mkono wakaenda... sikumbuki nilifanya nini baadaye, labda nilikunywa chai. Aliniuliza. Kati ya mapadri na walimu wa kwaya na mama sitini, mtu mmoja tu aliniuliza, na nilimjibu kwa samaki.

"Tulimuuliza," anasema Mama Gaëlle, sauti imekuwa ngumu, ni sauti aliyoifanyia mazoezi, "Clément alimuuliza na heshima, shangazi, kama ni weye, muachie mutoto. Akasema hapana. Tukamuuliza mbele ya mama ya maombi, akasema eti ni nguo. Eti nguo inanuka, muivue," anapiga ulimi, "mulozi hakosake kitu ya kusingizia. Nikamwambia, nguo ya kwaya? Nguo yenye alichapa Papa Michée? Papa Michée iko muntu ya Mungu, anachapiaka parokia miaka yote, iko na batoto wake, njo yeye anaweza kuunguza mutoto? Akanyamaza. Hakujibu tena. Kunyamaza, si njo kukubali?"

Mtu wa Mungu. Amelitumia jina langu. Sikujua kwamba jina langu lilikuwa kwenye ile nyumba, limesimama katikati ya watu, limeshika fimbo, mimi huku nilikuwa nakunywa chai, nalalamika juu ya mgongo, na jina langu lilikuwa kule linamfunga mdomo mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyesema kweli, kweli tupu, maneno mawili, muivue nguo, angesikilizwa mtoto angekuwa amepona siku ya tatu... na mimi nilifikiri ubaya wangu ni uvivu, mchana mmoja wa pasi, nilikuwa nimeshaupima na kuupatia ukubwa wake, ubaya mdogo, wa kibinadamu, wa kutubu Jumamosi, kumbe haukulala, ulikuwa unatembea, uliingia mlango wa watu ukakaa kwenye kiti na kuhukumu, na wakati wote huo una sura yangu, sura hii yenye upole, ninaitapika, kama ingewezekana ningeivua kama soksi. Na kama nikinyamaza sasa nitakuwa nani, si yule tena wa Alhamisi, yule alikuwa mvivu, huyu atakuwa mwingine, huyu atakuwa ndiye hasa wanayemtafuta, mtu anayemla mtoto wa jirani na kusema pole... kila mwaka watanipa fulana za kwaya, kila mwaka nitamwona Gaëlle na kovu lake akiimba, nitamwambia, "Jambo, mwanangu, umekuwa mukubwa," na atanipa mkono.

"Iko wapi?" nasema. "Nani?" "Tantine Kapya. Iko wapi sasa?" Mama anaangalia simu yake kuona saa. "Iko na Clément, ku maegesho ya malori. Anarudi Kasenga leo, lori inatoka saa sita. Tulimununulia mukate ya njiani," anasema haraka, anataka nimsikie akisema mkate, "hatukumupiga, Papa. Kuko bantu banapigaka. Siye hapana." Na saa sasa ni tano na nusu. Kasenga ile ile, atashuka pale na beseni tupu, na kabla hajafika simu imefika, kwamba ni mulozi, simu inafika kila mara kabla ya lori, Kasomeno pale wanaposimama kununua chakula watakuwa wanajua, hakuna atakayemuuzia, hakuna atakayekaa karibu naye... na kanisa litasema nini juu yangu, masista walitaka fulana za shule Januari, fundi jirani atasema mimi sikumwambia apake watoto, watanitoa kwenye orodha, Martine mke wangu atapita wapi sokoni, haya, na yapite, yapite yote, naona yanavyopanga foleni hizi hofu zangu, zimevaa vizuri, kila moja na sababu yake, na zinanuka kama kopo.

"Mama Gaëlle," nasema, na sauti inayotoka siijui, haina utamu, ni kavu kama ya mtu aliyeamka, "ile haiko bulozi. Njo rangi yangu." Ananitazama. Hajaelewa, bado ana uso wa mtu anayesubiri rangi ya fulana, "Rangi gani, Papa?" na nainua kijiko, nyekundu inadondoka mezani, nzito, polepole, "Hii. Ya milango ya chuma. Niliitia petroli. Nilijua haiko ya ngozi, nikaichapa vile vile. Tantine Kapya alinusa, aliniuliza hapa hapa, nikamucheka. Piga simu ku nyumba, baivue ile triko sasa, baoshe mutoto na maji na sabuni, kisha mumupeleke kwa munganga na umwambie ni rangi ya chuma. Lakini kwanza ita Clément." Ninaona inavyoingia, ninaona mahali inapofika, macho yake yanatoka kwenye kijiko yanapanda mkono wangu, shingo, uso, yanafika kwenye kinyaa, pale nilipokuwa nimefika mimi muda mrefu kabla yake, mdomo wake unapinda, anavuta pindo la kitenge lisiguse meza yangu, na nashangaa kwamba ni afadhali, ni afadhali kutazamwa hivi kuliko ile mtu ya Mungu. Anampigia simu jirani aliyemwachia watoto nyumbani. Anasema maneno matano, "Muvue Gaëlle triko, sasa hivi," hasemi kwa nini. Anapiga tena. Inalia, inalia, na ananinyooshea simu ameishika kwa ncha ili vidole vyetu visikutane, "Sema weye mwenyewe."

Naichukua kwa mkono ulio safi. Inalia. Kuna kelele, mashine ya lori inanguruma, mtu anaita abiria, na sauti ya Clément iliyochoka, akidhani ni mke wake, "Allô, Edith? Tuko tunapandisha mizigo," na nyuma yake sauti ya mwanamke, ya upole, karibu kabisa na simu, anamwambia mtu kwamba beseni limefungwa vibaya, litaanguka. Yuko chini bado, hajapanda. "Haiko Edith," nasema, "ni Michée, wa triko. Usimupandishe shangazi yako," na Clément anauliza, "Juu ya nini?" na ninamwambia ampe simu shangazi pia, asikie, au aiweke kwa sauti kubwa, na ninangoja mpaka anasema imewekwa, ndipo naanza na Alhamisi, na pasi ya makaa, polepole, bila kuruka kitu.